Ukingo wa Hatua Thelathini

Siku hizi nikimsikia mtu wa serikali akisimama mkutanoni na kusema wananchi waelimishwe, damu hunichemka. Wanangu hunishika mkono wakaniambia nitulie, nina presha. Presha ninayo, sikatai. Ila haikuletwa na chumvi kama anavyodai daktari. Ilianzia kwenye ukingo wa Mto Tana, upande wa kijiji cha Wema, katika miaka ya hamsini, wakati mtu wa serikali mwenyewe nilikuwa mimi: kijana wa kaptura ya kaki na soksi ndefu, bwana shamba msaidizi.

Walinipeleka bara kusomea kilimo kwa miaka miwili. Chuo kilikuwa milimani, penye baridi ya kukunja vidole, na huko mito hupita chini kabisa, katikati ya mabonde, mashamba yakiwa yamening'inia juu yake. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu huteremka wote ukaingia mtoni, na mwenye shamba hubaki na mawe. Tulifundishwa dawa yake. Chimba makinga maji, panda nyasi, na ukingo wa mto usiguswe na jembe. Niliyaona matokeo kwa macho yangu na mpaka leo nasema kwamba kwa milima ile fundisho lilikuwa jema. Balaa ni kwamba wakubwa walilipenda mno. Walilipenda hadi wakaona haya kuliacha huko lilikozaliwa.

Nikarudi nyumbani na amri. Ilikuwa imeandikwa kwa kila mto wa nchi hii bila kubagua: mtu yeyote asilime ndani ya hatua thelathini kutoka kwenye maji, mazao yaliyomo yang'olewe, nyasi ziachwe ziote, wakulima wasogee nyuma. Miaka hiyo bara kulikuwa na hali ya hatari, na amri ya serikali haikuwa kitu cha kujadiliana. Niliikunja nikaitia mfukoni, na nakiri kwamba nilitembea nayo nikijiona mtu.

Sasa lazima niueleze mto wetu, kwa sababu asiyeujua atafanya kosa lile lile. Tana ukifika kwetu umebeba tope la nchi nzima, na kila unapofurika hulimwaga kando yake. Umefanya hivyo tangu zama za mababu, hata kingo zake zimeinuka kuliko nchi inayouzunguka. Ukisimama ukingoni pale Wema au Hewani, hapo ndipo mahali pa juu kabisa. Ukiupa mto mgongo ukaenda shambani, hupandi. Unateremka kidogo kidogo mpaka unaingia kwenye bonde la tope, ambako maji ya mafuriko hutuama wiki nyingi na mpunga hupandwa. Kwetu chini ni nyuma, na juu ni penye maji.

Kwa hiyo shamba la Mpokomo, ndio sisi wakulima wa mto huu, si mraba. Ni ukanda mwembamba unaoanzia mtoni na kwenda moja kwa moja hadi bondeni, ukoo huu na wake, ukoo ule na wake, ili kila mtu apate sehemu ya juu, ya kati na ya chini. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa na ukanda wake hapo Wema. Alikuwa mjane, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Juu alipanda mahindi na migomba, katikati kunde, chini mpunga. Mto ukija mkubwa na mpunga ukazama, alikula mahindi ya juu. Mto usipokuja na ukingo ukakauka, alikula ya chini. Hakuwa na mwana mwingine wa kumtegemea isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa mwanafunzi. Ukanda ule ndio uliomlisha, na ndio ulionilisha hadi nikafika chuoni.

Akili hiyo hakuzaliwa nayo. Kwetu palikuwa na desturi ambayo sijaiona pengine. Maji yakishakupwa na njia kukauka, wanawake wa kijiji walitembea pamoja ukanda kwa ukanda, na kila mwenye shamba aliwaonyesha wenzake kilichokufa kabla ya kuwaonyesha kilichopona. Hapa mbegu ya babu imeoza. Hapa nilipanda mapema mno. Hapa mfereji niliuziba vibaya. Wakaulizana, wakabishana, wakatupiana maneno ya utani, wakapeana mbegu, na mwaka uliofuata mambo yakabadilika. Mwanamke aliyeficha sehemu iliyokufa hakusemwa kuwa ana haya. Alisemwa kuwa ni mchoyo, kwa sababu aliwanyima wenziwe kitu cha kujifunza. Nilikuwa nikifuatana na mama mkubwa katika matembezi hayo kabla sijavaa viatu maishani, na bado ilibidi nisafiri hadi milimani kuambiwa kwamba wakulima wetu hawajui kitu.

Nilianza kazi kwa kupima. Tulipewa kipimio cha miti mitatu iliyofungwa pamoja, kikiwa na uzi na jiwe dogo katikati. Unakisimamisha ardhini, na uzi unakuonyesha mteremko unaelekea wapi. Nilikisimamisha ukingoni, kwenye shamba la mama mkubwa, naye akiwa amesimama na jembe lake akinitazama. Uzi ukalala upande wa shamba. Nikafikiri nimekiweka vibaya. Nikakigeuza. Uzi ukalala upande wa shamba tena. Nikakagua fundo, nikafunga jiwe upya, nikasogea hatua kumi, nikarudia. Kila mara chombo kiliniambia kwamba maji ya mvua hapa hayateremki kuingia mtoni, yanaukimbia mto, na kila mara nilikilaumu chombo. Mwishowe niliandika kwenye daftari kwamba kipimio kimeharibika njiani na kinahitaji kubadilishwa.

Mama mkubwa aliniuliza natafuta nini. Nilimweleza habari za udongo kuchukuliwa na mto. Akasema mto wetu hauchukui udongo, huleta. Yeye mwenyewe kila mwaka hulazimika kukifukua tena kisiki cha mgomba kwa sababu ya tope jipya. Kisha akaniambia, kwa Kipokomo, maneno ninayoyaweka hapa kwa Kiswahili: "Mwanangu, ukitutoa huku juu, utatupeleka wapi? Huko nyuma ni kwa maji. Maji yakija yatatukuta kwake."

Nilijua anasema kweli. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi kuliko yote. Laiti ningekuwa mjinga kama wakubwa zangu, leo ningelala usingizi wangu.

Nikaandika barua. Kila mwezi tulijaza karatasi ya taarifa yenye nafasi zake: hatua zilizosafishwa, mashamba yaliyokaguliwa, watu walioonywa, watu walioshtakiwa. Hapakuwa na nafasi ya kuandika watu wamesema nini. Hapakuwa na nafasi ya kuandika amri hii inafaa au haifai. Basi nikaandika nyuma ya karatasi, kwa mwandiko wangu bora, kwamba kwenye Tana ukingo ndio juu na shamba ndilo chini, na nikaomba mkubwa mmoja aje atembee kutoka mtoni hadi bondeni kabla ya kitu chochote kung'olewa. Sikuomba zaidi ya hapo. Matembezi ya asubuhi moja.

Majibu yalifika baada ya wiki nyingi, mistari miwili. Barua yangu imepokewa. Msaidizi anakumbushwa kujaza nafasi zilizowekwa tu.

Chifu wetu aliisoma pia, akanicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi. Aliniambia kwamba bara vijana waliosoma kama mimi wanawekwa ndani kwa makosa madogo kuliko hilo, na kwamba nikiendelea kuandika nyuma ya karatasi nitamwaga unga wangu. Akanipa askari wake wanne wenye mapanga. Akasema nianze Jumatatu.

Nilianza kwa mama mkubwa. Watu huniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza zaidi yao. Niliogopa kusemwa. Nilidhani nikianza kwa wengine, kijiji kitasema bwana shamba anawaficha jamaa zake, na kwamba mtu wa serikali mwenye haki huanzia nyumbani kwake. Niliona huo ndio ujasiri. Nilijitia moyo wa chuma nikapita mbele ya askari hadi kwenye ukanda uliosomesha kichwa hiki, nikahesabu hatua thelathini kutoka kwenye maji, nikachomeka kijiti, na nikasema kateni.

Mahindi yalikuwa yametoa ndevu. Yangehitaji wiki chache tu. Askari waliyakata kwa aibu, wakiinamisha vichwa, wakaikata na migomba iliyobeba.  Mama mkubwa alipita nyuma yao akiokota mahindi machanga, yale yenye punje nyeupe laini ambazo hazifai hata kuchoma, akayatia kwenye kapu. Wafugaji wawili wa Kiorma waliokuwa wakileta ng'ombe mtoni kunywa walisimama, wakauliza msiba ni wa nani. Hawakuwa wameona mahindi mabichi yakikatwa isipokuwa kwa ugomvi mkubwa wa mirathi. Askari mmoja aliwajibu kwamba hakuna aliyekufa, ni maendeleo.

Tulikwenda hivyo ukanda kwa ukanda, hadi kufika Hewani na kupita. Mwisho wa mwezi nilijaza nafasi zote. Karatasi yangu ilikuwa nzuri kuliko za wasaidizi wote wa mto, na nilipewa sifa kwa maandishi.

Watu wakasogea nyuma kama walivyoambiwa. Mama mkubwa alipanda mahindi kule chini, pembeni mwa mpunga wake, mahali ambapo hakuna mwanamke yeyote mwenye akili aliyewahi kupanda mahindi kwenye masika. Alipanda mbegu yake yote, ile aliyokuwa ameitundika juu ya meko ikapigwa moshi, kwa sababu hakuwa na sehemu ya juu ya kugawia. Nilimsaidia kwa jembe siku mbili.  Nilimwambia huenda mto mwaka huu ukaja mdogo. Akaendelea kufukia mbegu.

Mto ulikuja mkubwa. Kwetu haikuwa imenyesha mvua ya kutisha. Ilikuwa imenyesha huko huko milimani kwenye chuo changu. Maji yalipanda ukingo, yakamwagikia upande wa pili, yakajaa bondeni na kukaa. Mahindi na mpunga mchanga vikazama pamoja, na maji yalipokuwa yakipungua tuliona majani yameoza na kuwa meusi, na harufu ilifika hadi nyumbani. Ukingoni, zile hatua thelathini, maji yalipita kwa siku chache tu yakaondoka. Mahindi yangesimama pale. Yote. Au yangekuwa yameshavunwa na kutundikwa tangu zamani.

Badala ya mahindi palikuwa na nyasi, ndefu, za kijani kibichi, za kupendeza.

Na hapo ndipo Bwana Mkubwa wa idara yetu ya kilimo alipokuja. Nilimwomba kabla ya jambo kutendeka, akaja baada yake. Alikuja kwa mashua ya injini kutoka upande wa Garsen, akashuka ukingoni na viatu vyake vya mpira, akatazama nyasi zile, na uso wake ukafunguka. Akaniambia kwamba mafuriko makubwa kama haya yangeuchukua ukingo wote, na tazama, haujamegeka hata kidogo. Amri imefanya kazi. Alipiga picha. Alinisimamisha nami kwenye picha moja, nikiwa nimeshika kijiti changu. Alisema ataandika kwamba mito mingine ya pwani ifuate mfano wa hapa.

Ukingo ule haukuwahi kumegeka kabla ya amri pia. Hakuna aliyemwambia, na hakuuliza.

Nilipaswa kumshika mkono nikamwambia tutembee. Kutoka pale aliposimama hadi kwenye mpunga uliooza si mwendo wa kumtoa mtu jasho. Desturi nilikuwa naijua: unaonyesha kilichokufa kwanza. Mimi nilimwonyesha nyasi. Nilichoweza kusema, na nilikisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, ni kwamba watu wa nyuma hawana chakula. Alinisikiliza, nasema kweli, hakuwa na dharau. Kisha akasema, "Hilo ni la idara nyingine. Nitawaandikia walete mahindi."

Akarudi kwenye mashua. Katika kichwa chake yalikuwamo mambo mawili yasiyojuana: ukingo uliopona, na watu wenye njaa. La kwanza lilikuwa kazi yake na sifa yake. La pili lilikuwa bahati mbaya kutoka kwa Mungu. Nimeishi na serikali tatu tangu siku ile na zote nimezikuta na ugonjwa huo huo. Aliyetoa amri hatembei nayo. Aliyeitekeleza anaogopa kusema. Anayelisha wenye njaa hajui njaa imetoka wapi, na wote watatu wanaandika taarifa, kila mmoja kwenye karatasi yake, na zote zinasema tumefaulu. Amri ile haikufutwa hata siku moja. Bwana Mkubwa alihamishwa, akaja mwingine ambaye hakuwa ameisikia, akatutaka tulime pamba. Watu wakarudi ukingoni kimya kimya na hakuna aliyewauliza walikuwa wapi. Hakuna aliyejifunza kitu kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba kuna kitu kilikufa. Wachoyo. Mama zetu wangewaita wachoyo, na wangeniita mimi vivyo hivyo.

Mahindi ya msaada yalifika Garsen, yakawekwa kwenye ghala karibu na kivuko. Yalikuwa ya manjano, makavu kama kokoto, mahindi ambayo kwetu hata kuku hupewa kwa kusitasita. Idara ile nyingine haikuwa na mtu wa kuandika, ikaniazima. Nilikaa kwenye meza mlangoni mwa ghala na daftari kubwa. Ilinibidi niandike jina la mtu, kijiji chake, idadi ya walaji, na sababu ya njaa. Sababu nilikuwa nimeelekezwa asubuhi ile: mafuriko. Niliiandika mara moja juu ya ukurasa, na chini yake nikaweka alama tu za kurudia, kila mstari, mpaka mwisho wa karatasi.

Watu wa Wema walifika siku ya pili. Walitembea kwenye tope, wengine wakapanda mitumbwi, na mama mkubwa alikuwa kwenye foleni, katikati, na kapu lake. Mtu ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi kwa jirani. Nilitaka kuinuka nimtoe pale nimpeleke kivulini, nimpimie wa kwanza. Sikuinuka. Nilijiambia kwamba foleni ni foleni na haki ni haki, maneno yale yale niliyojiambia siku ya mapanga.

Alipofika mezani alikuwa amekonda hata kanga haikumkaa begani. Nilimsalimu kwa lugha yetu. Hakuitikia kwa lugha yetu. Alizungumza nami Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kuokota sokoni, alichokitumia kwa askari, kwa wenye maduka, kwa wageni. Alitaja jina lake lote na la baba yake, polepole, kama mtu anayemwambia asiyemjua. Alitaja kijiji. Walaji, alisema, mmoja.

Nikaandika. Akaweka kidole chake kwenye ukurasa, pale penye alama za kurudia, akaniuliza, "Bwana, hapa umeandika nini?"

Nikamwambia ni sababu ya njaa. Nimeandika mafuriko.

Hakukiondoa kidole. 

"Maji inakuja kila mwaka," akasema. "Mama yangu aliona maji, mimi naona maji, hapana kuja hapa na kapu. Futa hiyo. Andika jina yako."

Kalamu ilikuwa mkononi na wino ulikuwepo. Mkubwa wa ghala alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama saa. Niliiacha alama ya kurudia ilivyokuwa, nikampimia mahindi yake, na nikamwita mtu aliyemfuata.